Fundi Kesho na Koti la Baridi

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukw—"

"Hapana, rudia. Labda masikio yangu yana nta. Umemwambia mteja nini?"

"Dada, si ndiyo nakwambia? Nimemwambia gauni lake hali—"

"Halijakatwa! Umemwambia halijakatwa! Kwa mdomo wako mwenyewe, mchana kweupe!"

"Sasa ulitaka nimwambie limekatwa, na kitambaa kiko pale kwenye mfuko wake, vilevile alivyokileta?"

"Unamwambia njoo kesho!"

"Kesho lingekuwa tayari?"

"Kesho ni neno tu! Dunia nzima inajua! Fundi akisema njoo kesho, mtu anakuja kesho, anaambiwa bado vifungo, anakuja kesho kutwa, mnazozana kidogo, mnacheka, anachukua gauni lake anakwenda zake. Ndiyo ufundi huo! Wewe huu umeutoa wapi, huu..."

"Ukweli?"

"Huu ujuaji!"

"Nyie!" Sauti ilipenya kutoka nyuma ya pazia. "Gombaneni polepole, taarifa ya habari inasomwa!"

Wakanyamaza wote wawili, maana Mama na redio yake walikuwa hawaguswi. Dada Mkubwa akaushika mkasi, akakata hewa mara mbili, akauweka chini.

Walikuwa mafundi cherehani, ndugu wa tumbo moja, na kiwanda chao kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Mama: cherehani mbili zinatazamana, meza ya kukatia katikati, kioo kirefu cha wateja ukutani, na pazia linalotenganisha kazi na sebule. Mdogo mtu walimwita Ng'ambo. Jina hilo alilianzisha Dada Mkubwa mwenyewe, kwa kejeli, siku mdogo wake aliporudi kutoka nje alikokwenda kushona. Kejeli ikachuja, jina likabaki. Yeye Dada Mkubwa pia alikuwa na jina lake mtaani, Fundi Kesho, ila hilo lilitajwa akishageuza mgongo.

Na kilichomuuma siku ile si kwamba mteja aliambiwa ukweli. Kilichomuuma ni kwamba mteja hakukasirika. Yule mteja alishusha pumzi, akasema, "Afadhali umeniambia, dada'angu, ningekuja bure," kisha akauliza kama anaweza kumleta na wifi yake. Miaka yote Dada amewadanganya watu kwa bidii, kwa adabu, kwa ubunifu mkubwa, na hakuna aliyewahi kumletea wifi.

"Haya," Ng'ambo akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Tuyaache ya gauni. Yale mengine je? Wanataka jibu Ijumaa."

"Jibu la nini?"

"Unalijua."

Dada alilijua. Kile kiwanda kidogo alichokuwa anashonea Ng'ambo huko nje kilitaka fundi wa kukaa mwaka mmoja, na Ng'ambo, bila kumwuliza mtu, akampendekeza dada yake. Mwenye kiwanda akakubali. Sasa kilichobaki ni Dada kusema ndiyo.

"Unataka niondoke ili cherehani zote mbili ziwe zako," Dada akasema.

"Cherehani yako inaruka mishono. Nani anaitaka?"

"Na Mama? Nani atabaki na Mama?"

"Mimi."

"Wewe!" Dada akacheka kicheko kikavu. "Wewe ulikwenda. Mimi nilibaki na Mama."

Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake kubwa. Mimi nilibaki na Mama. Aliitumia kwenye ugomvi wa chumvi, wa uzi, wa nani amemaliza sabuni, na kila mara ilimnyamazisha mdogo wake.

Ila kulikuwa na kitu ambacho Dada hakuwahi kumwambia mtu. Zamani, nafasi ya kwanza ya kwenda nje ilipotokea, ilikuwa yake. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye mwenye mkono mzuri. Akasema, "Aende mdogo wangu, mimi nitabaki na Mama." Akasema hivyo ili abembelezwe. Alitaka Mama aseme hapana, mwanangu, nenda wewe, na mdogo wake aseme hapana, Dada, haki yako, na yeye akatae mara ya pili, halafu akubali kwa shingo upande. Alikuwa amejipangia mpaka namna ya kushusha pumzi. Hakuna aliyebembeleza. Mama alisema, "Basi vizuri," na mdogo wake akaanza kutafuta sanduku.

Kwa hiyo siku Ng'ambo aliporudi, Dada alikuwa na vijembe vimenolewa, vimepangwa kama sindano kwenye kisahani. Mtaa mzima ulitarajia mtu aliyeharibika. Walitaka aje anaongelea puani, amesahau majina ya shangazi zake, anaona vumbi kila mahali. Badala yake akashuka na sanduku moja, na ndani mna nguo zilezile alizoondoka nazo, soksi nene, na koti. Shangazi mmoja hakuamini, akalipindua sanduku, akalitikisa.

Angerudi na majivuno, Dada angemchukia kwa raha zake. Akarudi na utulivu. Sasa utulivu unaupiga kijembe gani?

Binti huyu zamani akikosea pindo alikuwa analia mpaka kitambaa kinalowa. Sasa akikosea, anacheka, anafumua, anaanza upya, na yeye mwenyewe anamwambia mteja: "Hapa nimeharibu, nitakurudishia vizuri." Zamani alikuwa hawezi hata kwenda dukani bila mtu wa kumsindikiza. Sasa asubuhi anavaa viatu, anatoka.

"Unakwenda wapi?" Dada humwuliza.

"Popote."

"Popote kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote. Natembea tu."

Natembea tu! Mtu mzima, hana alikotumwa, hana anayemngoja, anatembea. Na anarudi uso umekunjuka kama shati lililopigwa pasi.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa la Mjomba. Mjomba alikuja na vitambaa vya wakwe zake, kama kawaida, vishonwe bure, kama kawaida. Dada alikuwa ameshanyoosha mikono kuvipokea. Ng'ambo akasema, "Hapana, Mjomba, mwezi huu hatutaweza," kwa sauti ya mtu anayekataa kijiko cha pili cha sukari. Dada akafumba macho kungoja paa lianguke. Mjomba akasema, "Ah. Haya basi," akanywa chai, akaondoka na vitambaa vyake. Dada alikuwa amewashonea wakwe hao tangu ujana wake, suruali kwa gauni, kwa sababu hakujua kwamba Mjomba anaweza kuambiwa hapana na akaendelea kuwa Mjomba.

Usiku huo hakula vizuri. Wivu una tabia ya kukaa kooni, chakula kinapita pembeni.

Na Mama naye! Kila jioni Mama alikuwa anavuta kigoda chake mpaka kwenye cherehani ya Ng'ambo.

"Cherehani za huko ni za kukanyaga au za umeme?"

"Za umeme, Mama."

"Hukanyagi kabisa?"

"Unagusa tu kwa mguu, kidogo."

"Mh. Na chai mnakunywa saa ngapi?"

"Saa nne, na tena saa kumi."

"Mara mbili? Mmekaa?"

"Tumekaa."

"Na mtu mwenye magoti kama haya anapandaje ngazi zao?"

"Kuna lifti, Mama."

"Inakupandisha umesimama tu?"

"Umesimama tu."

Mama akafikiria, akitabasamu na dari.

Dada, upande wa pili wa meza, alikanyaga cherehani yake kwa nguvu mpaka ikapiga kelele kama mashine ya kusaga. Magoti hayo aliyakanda yeye. Dawa ya magoti hayo aliinunua yeye, akaipaka yeye, akanuka yeye. Lakini hakuwahi kuulizwa swali hata moja. Angeulizwa nini? Kila alichokifanya tangu azaliwe alikifanya mbele ya macho ya Mama.

Ijumaa ikafika. Asubuhi Ng'ambo akasema, "Dada, jioni lazima niwajibu," na Dada akamwambia aende zake popote. Akaenda. Mama alikuwa amejilaza ndani, redio inamsimulia bei za mazao. Chumba cha mbele kikawa kimya, na ndani ya kimya hicho, kwenye msumari nyuma ya mlango, lilikuwapo koti.

Lilikuwa koti la baridi kali, rangi ya bluu iliyoiva, limejaa pamba kama godoro, lina kofia mgongoni na zipu inayopanda mpaka kidevuni. Tangu Ng'ambo arudi halikuwa na kazi yoyote ila kutundikwa. Kila mteja aliyeingia aliligusa. "Hili ndilo la huko?" waliuliza, na Dada alijibu, "Ndilo hilo, usilichafue."

Akalifuata. Alijiambia anakwenda kuangalia mshono tu, kazi ni kazi, fundi kuangalia nguo ya fundi mwenzake hakuna ubaya. Akaangalia mshono. Akaangalia bitana ya ndani. Akajiambia mshono wa begani huwezi kuujua mpaka nguo iwe begani. Akalivaa.

Akasimama mbele ya kioo.

Mbele ya kioo hicho alikuwa amewasimamisha watu wote wa mtaa, akiwa nyuma yao na futi shingoni na pini mdomoni. Yeye mwenyewe alikuwa hajasimama hapo kwa muda mrefu. Mwanamke aliyemwona ndani alikuwa na mabega. Alikuwa anaonekana kama mtu anayengojwa mahali fulani, na hana haraka ya kufika.

Dada akaivuta zipu mpaka juu, akainua kidevu.

"Hapana, Mjomba," akakiambia kioo.

Haikutoka vizuri. Akakohoa, akajaribu tena, sauti ya sukari.

"Hapana, Mjomba. Mwezi huu hatutaweza."

Ahaa! Hiyo sasa ilikuwa yenyewe. Akajipindua upande, akaweka mkono mfukoni.

"Unakwenda wapi, Dada?" akajiuliza, na akajijibu, "Popote."

Ilikuwa raha tupu kwa muda wa kutosha kuanza kutoka jasho. Akaishika zipu aishushe. Haikushuka. Akavuta. Bitana ilikuwa imeingia kwenye meno ya zipu pale chini ya kidevu, mahali ambapo jicho la mwenye shingo halifiki, na kwenye kioo kola na kidevu vilipaziba. Akavuta tena, ikauma zaidi. Akajaribu kulivua kwa juu kama fulana. Likafika masikioni likagoma, akabaki mikono juu, gizani, amenaswa kama kuku kwenye mfuko. Akalirudisha chini akihema. Fundi ameshona zipu maisha yake yote, na sasa zipu imemshona yeye. Mkasi ulikuwa pale mezani. Lakini ukikata, utasema nini? Koti limekatwa na panya mrefu?

"Hodi fundi!"

Alikuwa Mama Pacha, mteja wa gauni la mahafali ya wanawe, gauni ambalo lilikuwa linakuja kesho tangu mwezi uliopita. Akaingia bila kungoja karibu, akasimama katikati ya mlango, akatazama jua nje, akatazama koti ndani.

"Fundi. Kulikoni?"

Mtu mwingine angesema, shoga yangu, nimenasa, nivute. Maneno manne. Dada aliyapata yote, yakafika mpaka kwenye meno, yakarudi.

"Homa," akasema.

"Homa!"

"Homa ya baridi. Nasikia baridi vibaya sana." Akatetemeka kidogo, kuongezea ladha.

"Maskini! Na jasho hilo lote!"

"Ni jasho la baridi."

"Na gauni langu?"

"Bado vifungo tu. Njoo kesho."

Mama Pacha alikuwa na moyo mzuri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. "Wewe acha gauni, uhai kwanza!" akasema, akajaza kifua hewa, akaita mpaka mtaa wa pili ukasikia. "Mamaaa! Mwanao anakufa huku!"

Pazia likaruka. Mama akatokea, magoti na yote, kwa mwendo ambao Dada hakuwahi kuuona. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la mwanawe.

"Anawaka! Huyu anawaka moto! Vua hilo koti!"

"Nasikia baridi, Mama."

"Vua upate hewa!"

"Hapana Mama, nitakufa kwa baridi!"

"Ameanza kuweweseka," Mama Pacha akasema. "Niite gari?"

Mama akaleta kitambaa kibichi, Mama Pacha akashika gauni la mteja mwingine akaanza kumpepea, na Dada katikati yao alikuwa anachuruzika, uso umeiva, sasa kweli anaona nyota. Ndipo Ng'ambo akaingia kutoka popote pake, uso umekunjuka.

Akamtazama dada yake. Akalitazama koti. Akaitazama ile zipu chini ya kidevu. Akauma mdomo wa chini kwa nguvu, mabega yakamtetema mara moja, akatulia.

Sasa hapa, Dada akajua, ndipo atakapouawa. Nafasi ya kulipa vijembe vyote vya miezi yote ilikuwa imewekwa mezani, imekatwa, imepigwa pasi.

"Mama Pacha," Ng'ambo akasema, "umefuata gauni?"

"Anasema bado vifungo."

"Bado mikono, na pindo, na vifungo. Hatukukwambia vizuri, utusamehe. Litakuwa tayari Jumatano."

"Mikono! Si mngesema! Nimekuja hapa mpaka mbwa wa jirani amenizoea!"

"Kweli. Tumekosea."

Mama Pacha akafungua mdomo aendelee, lakini ugomvi unataka watu wawili, na wa pili hakuwepo. Akaufunga. "Jumatano ni Jumatano?"

"Jumatano ni Jumatano."

"Haya. Fundi, ugua pole." Akalirudisha gauni la kupepea, akaondoka.

Ng'ambo akaufunga mlango, akauegemea.

"Limekwama?"

"Nina homa," Dada akasema.

"Dada."

"Homa kali."

"Dada. Limekwama."

Tone la jasho lilitoka kwenye pua ya Dada, likaanguka kwenye koti la watu.

"Limekwama."

"Nini kimekwama?" Mama akauliza, kitambaa kibichi mkononi. Kisha akaelewa, akakaa kwenye benchi la wateja taratibu, akajipaka kitambaa usoni yeye mwenyewe. Nyuma ya kitambaa mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Nitoe basi!" Dada akasema.

"Nitakutoa. Lakini nisikilize kwanza, maana nikikutoa utakimbia." Ng'ambo akakaa juu ya meza ya kukatia, jambo lililokatazwa katika nyumba ile. "Wiki yangu ya kwanza kule, lilinikwama hivyohivyo. Hapohapo. Nimetoka kazini, niko chumbani peke yangu. Nikavuta, nikavuta. Unajua nilifanya nini? Nikaita, 'Dadaaa!' Kwa sauti kabisa. Halafu nikakumbuka dada yuko wapi."

Dada akaacha kuhangaika na zipu.

"Nikalia. Nililia, Dada, siyo mchezo. Nikalia ya koti, nikalia ya baridi, nikalia mambo ya tangu darasa la kwanza. Hakuna aliyekuja. Nikamaliza. Unajua kilio ukiachiwa kinaisha chenyewe? Mimi sikujua. Halafu nikasikia njaa, nikaona nitakaa na koti mpaka lini? Nikaenda kugonga kwa jirani. Mzee mmoja, siku zote nilikuwa namkwepa, maana lugha yao nilikuwa siijui hata ya salamu. Akafungua. Nikamwonyesha shingo. Akadhani nakabwa, akachungulia nyuma yangu kumtafuta anayenikaba." Akacheka. "Alipoelewa, alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka. Kesho yake nikamwendea mwenye kiwanda, nikamwambia kwa ishara na maneno ya kuokoteza, ile mashine yako siijui, nilikudanganya. Akanifundisha. Nikaona, kumbe! Ndiyo hivyo tu? Mtu ukishamwonyesha mgeni shingo yako, unaogopa nini tena? Mjomba?"

Dada alisikiliza, na badala ya kupoa, wivu ukampanda upya, mpya kabisa, wa aina asiyoijua. Nguo za nje alikuwa hazionei wivu. Lifti alikuwa haionei wivu, wala chai ya mara mbili. Aliuonea wivu ule mlango uliofungwa. Chumba, kitanda, na mtu mmoja analia mpaka mwisho. Yeye katika maisha yake hakuwahi kulia mpaka mwisho. Kila alipofika katikati, kulikuwa na mtu wa kumwuliza chumvi iko wapi.

"Yaani wewe," akasema, na sauti ilimkwama pale kwenye zipu, "hata kulia, umekwenda kulia mahali pazuri."

"Basi nenda na wewe."

"Nikalie?"

"Ukalie. Ukatembee. Ukakosee mahali ambapo hakuna shangazi. Mwaka mmoja tu, Dada, utarudi, cherehani yako mbovu utaikuta hapohapo. Jibu ni leo."

Kwa kitambo kidogo sana Dada alimwona tena yule mwanamke wa kwenye kioo, mwenye mabega. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sanduku, anamngoja. Na kwa kuwa alitaka sana, akaogopa sana, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye silaha yake ya zamani.

"Siwezi. Na Mama?"

"Nimekwambia mimi nipo."

"Hujui dawa yake inapakwa vipi. Inapakwa kushuka, siyo kupanda. Hujui chai yake. Hujui akisema hataki, anataka, na akisema anataka, umwulize mara ya pili. Mimi ndiye niliyebaki na Mama, na nitabaki na Mama. Hawezi huyu bila mimi. Waambie siendi. Nitoe koti."

Ng'ambo akashuka mezani. Akamwinua kidevu kwa vidole viwili, kama anavyoinuliwa mtoto wa kupakwa mafuta. "Haishuki moja kwa moja," akasema. "Kwanza unaipandisha." Akaisukuma zipu juu kidogo, bitana ikateleza, zipu ikashuka mpaka chini kwa sauti ndefu. Dada akatoka ndani ya koti na mvuke, kama kitu kilichofunuliwa kwenye sufuria.

Ndipo wote wawili wakasikia kitu cha ajabu: kimya. Mama alikuwa ameinuka, amekwenda nyuma ya pazia, amezima redio. Bei za mazao hazijaisha, na Mama amezima redio.

Akarudi. Akalichukua koti mikononi mwa Dada, akaligeuza ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mshono wa bitana. Vidole vyake ndivyo vilivyowafundisha wote wawili kushika sindano, kabla magoti hayajamtoa kwenye kukanyaga cherehani.

"Aliyeshona hapa ana haraka," akasema. "Ndiyo maana inauma."

Akaligeuza tena, akaingiza mkono wa kulia. Ukaingia. Akaingiza wa kushoto, ukafika kwenye kiwiko ukakataa. Mama alikuwa na mwili wake. Akabaki hivyo, nusu ndani, nusu nje, anajitazama kwenye kioo.

"Hiyo nafasi," akasema, "wanaangalia umri?"

"Nafasi ya nani, Mama?" Ng'ambo akauliza.

"Si huyu ameikataa?"

"Mama," Dada akasema. "Mama, magoti—"

"Magoti nitakwenda nayo. Lifti ipo, umesimama tu. Cherehani hazikanyagwi, unagusa. Matundu ya vifungo hapa mtaani nani ananishinda?"

"Lakini Mama, miaka yote hii mimi nimebaki kwa ajili—"

"Na mimi je? Unadhani sikutaka hata kwenda kwa dada yangu nikakae mwezi mmoja? Kila nikitaka kutoka nakuona hapo, umebaki. Nikasema, sasa huyu nitamwacha na nani?"

Dada alimgeukia mdogo wake, ambaye naye kwa mara ya kwanza tangu arudi alikuwa hana utulivu hata kidogo. Mdomo ulikuwa wazi.

Mama akautoa mkono kwenye koti, akalitundika kwenye msumari wake, akalipangusa begani. Kisha akaja kusimama mbele ya kioo, mahali wanaposimama wateja, akanyoosha mgongo, akainua mikono pembeni.

"Hilo halinitoshi," akamwambia mwanawe mkubwa. "Lete futi, unipime la kwangu. Na usiniambie njoo kesho."